Resto zikianza kuzama, nani ashike usukani: mwenye mali, mgeni au mtu wa jikoni?

Tuseme una resto nne hapa Lubumbashi. Ya kwanza iko Kamalondo, ndiyo iliyokupa jina. Ya pili iko mjini karibu na maofisi, ya tatu Bel-Air, ya nne upande wa Kasapa kwa ajili ya wanafunzi. Mteja anasimama kaunta, anaonyesha kwa kidole: bukari (ugali), sombe (kisamvu), kuku wa makala (makaa), pilipili pembeni. Analipa, anabeba sahani yake, anatafuta kiti. Hakuna wa kumhudumia mezani. Mwaka wa kwanza foleni ilifika barabarani. Leo saa saba mchana unahesabu viti vitupu, na mwenye nyumba anataka kodi yake kwa dola wakati wewe una franka tu kwenye kese, pale pesa zinapopokelewa.

Wengi wakifika hapo hukimbilia rangi. Ukuta unapakwa upya, bango linabadilishwa, wafanyakazi wanashonewa fulana. Nimeona resto ikifa na fulana mpya kabisa. Jambo la kuamua kwanza ni mtu. Atakayeziinua resto hizi ni wewe uliyezianzisha, ni mgeni utakayemtafuta nje, au ni mmoja wa wale ambao tayari wananuka moshi wa jiko lako? Nimesimamia tawi chini ya wote watatu, mmoja baada ya mwingine, katika biashara ile ile ambayo sitaitaja jina. Nitawaweka bega kwa bega, pamoja na mifano ya kampuni kubwa za Marekani, kwa kuwa mambo yao yalitangazwa hadharani na kila mtu anaweza kuyapima.

Watatu wenyewe

Mwenye mali anayerudi: Howard Schultz wa Starbucks. Duka la kwanza hakulifungua yeye, lakini aliinunua kampuni 1987 na kuieneza. Aliachia ukurugenzi 2000, akaushika tena Januari 2008 wateja walipoanza kupungua. Jioni ya 26 Februari 2008 alifunga maduka yapatayo 7,100 ya Marekani kwa saa tatu hivi ili wafanyakazi wafundishwe tena kutengeneza espresso. Akaondoa na sandwichi za moto za asubuhi, kwa kuwa harufu ya jibini lililoungua ilikuwa inafunika harufu ya kahawa. (Baadaye zilirudi, zilipopatikana namna ya kuzipasha bila kuziunguza.) Uamuzi kama huo unatoka puani. Karatasi ya hesabu isingeuonyesha.

Mgeni: Brian Niccol wa Chipotle. Chipotle ilianzia Denver 1993, mkononi mwa mpishi Steve Ells, na ndiyo inayotajwa kila watu wanapozungumzia resto za kaunta, zile ambazo chakula kinapakuliwa mbele ya macho yako. Mwaka 2015 wateja waliugua kwa bakteria ya E. coli katika majimbo kadhaa, na kwingine kwa virusi vya noro. Hisa iliyokuwa imepita dola 700 ilishuka hadi karibu 250 mwanzoni mwa 2018. Ells alihangaika. Februari 2016 alifunga resto zote kwa saa chache kuzungumza na wafanyakazi juu ya usafi, akagawa burrito za bure. Watu walikula za bure, wakaendelea na safari zao. Mwaka 2018 akaletwa Niccol kutoka Taco Bell, kampuni nyingine ya resto. Alihamisha makao makuu kutoka Denver hadi California, akatia nguvu kwenye meza ya pili ya kupakulia, ile ya oda zinazoingia kwa simu, ili zisigombane na foleni ya kaunta.

Mtu wa ndani: Patrick Doyle wa Domino's. Pizza inayopelekwa nyumbani si resto ya kaunta, najua, ila somo lake linatufaa kuliko yote mawili. Alikuwa ndani ya kampuni tangu 1997, akawa mkurugenzi mkuu 2010. Mwisho wa 2009 walikuwa wamebadilisha unga, mchuzi na jibini, wakatoa matangazo yanayoonyesha wateja wakisema kwamba pizza yao ina ladha ya kadibodi. Doyle mwenyewe alitokea kwenye tangazo akakubali. Robo ya kwanza ya 2010, mauzo ya matawi yaliyokuwepo Marekani yalipanda kwa 14.3%.

Ukiwatazama vizuri, kila mmoja alikuta kidonda chake. Schultz alikuta matawi yaliyofunguliwa kwa pupa. Niccol alikuta hofu. Doyle alikuta chakula kibaya.

Nani anaweza kufunga tawi

Starbucks ilitangaza 2008 kufunga maduka yapatayo 600 ya Marekani, mengi yakiwa yamefunguliwa tangu 2006, na huko Australia ilifunga 61 kati ya 84. Schultz alithubutu kwa sababu hakuna aliyeweza kumwuliza wewe ni nani.

Huku kwetu mambo hugeuka. Patroni wangu, yaani mwenye mali, alirudi kaunta baada ya miaka mitatu ya kushughulika na malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tawi la Bel-Air lilikuwa linameza kila mwezi faida iliyotoka Kamalondo, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini Bel-Air ndiko marafiki zake walikopita jioni, ndiko kulikokuwa na vioo na viti vya ngozi. Hakulifunga. Alisema tusubiri mwezi wa kumi na mbili, sikukuu zitatuinua. Sikukuu zikapita.

Mgeni alilifunga wiki ya pili. Alifanya na jambo la akili: kabla ya kutoka, alizungumza na mwenye nyumba tukae miezi ya mwisho tukila garanti, ile amana ya nyumba tuliyoitoa mwanzoni, maana garanti ukingoja urudishiwe taslimu unaweza kuzeeka. Kwa hilo nampa alama zote. Kosa lake ni kwamba kalamu ilimnogea. Alitazama mauzo ya Kasapa, akakuta miezi mitatu mibovu, akafunga na huko. Miezi hiyo mitatu wanafunzi walikuwa likizo. Masomo yalipoanza tena, mahali petu palikuwa na mama mwingine mwenye sufuria mbili na foleni ndefu kuliko tuliyowahi kuwa nayo.

Mtu wa ndani asingefunga Kasapa hata usingizini. Sina hakika kama angefunga Bel-Air. Wafanyakazi wa pale ni wenzake, anajua nani ana watoto wangapi.

Nani anaweza kumtoa ndugu kwenye kese

Mgeni peke yake. Mwenye mali hawezi, dada yake atampigia simu kabla jua halijatua. Mtu wa ndani hawezi, kwani yule kijana wa kese ni mtoto wa dada wa patroni, na wiki moja tu yeye ndiye atakayejikuta nje. Kama shida yako yote iko hapa, usisome zaidi, tafuta mgeni, mlipe, mpe barua iliyosainiwa.

Nani analijua gunia

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo resto nyingi za Lubumbashi zinapofia.

Gunia la unga lina kilo 25. Ukitumia gramu 200 za unga kwa sahani moja ya bukari, unapata sahani 125. Hesabu ya darasa la nne. Mgeni wetu aliifanya siku ya tatu, kisha akahesabu tikiti za kese: kila gunia lilikuwa linatoa tikiti 90. Sahani 35 zinapotea kwa kila gunia, na tulikuwa tunasonga magunia mawili kwa siku Kamalondo peke yake. Akasema ni wizi. Akafukuza watu wawili wa jikoni, akaweka kamera juu ya mlango wa depo (stoo). Mwezi uliofuata gunia likatoa tikiti 91.

Alipoondoka (mkataba wake uliisha, na patroni hakuwa na dola za kuurefusha) biashara ilimwangukia mama aliyekuwa mkuu wa jiko la Kamalondo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemchagua, niseme ukweli. Alibaki yeye. Siku ya kwanza hakuomba ofisi wala simu ya kazi. Aliomba mizani. Patroni akamwuliza ya nini, naye akamjibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Papa, unga haiibiwake. Inatokaka na mkono."

Alipima tonge za bukari jinsi zilivyokuwa zinapakuliwa. Kila moja ilikuwa imekula karibu gramu 280 za unga. Gawanya kilo 25 kwa 280, utapata 89. Wizi haukuwepo. Mkono ulikuwa umekuwa mzito.

Kwa nini ukawa mzito? Hii ndiyo sehemu ambayo kamera isingeiona. Miezi minane nyuma, ili kubana matumizi, iliamuliwa kuku akatwe vipande kumi badala ya vinane. Wateja wakanung'unika. Wasichana wa kaunta, wasiotaka kutukanwa na watu, wakaanza kuwabembeleza kwa bukari: kijiko kikubwa zaidi, halafu zaidi. Kilichookolewa kwenye kuku kikatoka kwenye unga, na bado mteja alikuwa na hasira, kwa sababu hakuja kwa ajili ya bukari. Nusu ya tonge ilirudi kwenye sahani. Kulikuwa na mtu aliyekuja kila jioni na ndoo zake kuchukua mabaki ya kulisha nguruwe, na kwa miezi yote hiyo hakuna aliyejiuliza kwa nini ameongeza ndoo.

Mama alirudisha kuku vipande vinane, akapandisha bei kidogo, akaweka vipimo viwili vya bukari, kubwa na ndogo, kila kimoja na bakuli lake la kupimia. Orodha ya chakula, ambayo tulikuwa tumeirefusha hadi kufikia pizza na shawarma kwa ajili ya Bel-Air, aliikata ikabaki vitu tisa. Ndivyo Chipotle ilivyofanya biashara tangu mwanzo, orodha fupi na vyakula vile vile vinavyochanganywa kwa namna mbalimbali, ingawa sidhani kama mama aliwahi kusikia jina hilo. Sababu yake ilikuwa friji. Delestaji (umeme kukatwa) ya saa sita ikikukuta na samaki wa tomson, nyama ya kusaga, jibini na kuku, jenereta inakula faida ya siku. Ikikukuta na samaki na kuku tu, unachoma mapema, unauza.

Anajua pia makala. Gunia la makala linaloonekana limejaa linaweza kuwa na majani juu na vumbi chini, na makala yaliyoloweshwa mvua ni uzito wa maji unaoulipia. Alikuwa anaingiza mkono hadi bega kabla ya kulipa. Mgeni alikuwa amepata bei nzuri kwa mtu mmoja anayeleta magunia hamsini kwa mkupuo. Bei ilikuwa nzuri kweli. Makala yalikuwa vumbi.

Na kuna Zambia. Sehemu kubwa ya unga unaoliwa mjini huu unapita Kasumbalesa, au unatoka kwenye mahindi yaliyopita huko. Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mtu yeyote anayesonga bukari Lubumbashi alijua nini kinakuja bila kusubiri kuambiwa na mhasibu. Mtu wa jikoni anajua wiki gani ya kununua magunia ya akiba, anajua ni wateja gani watakubali unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo na ni wapi hawatakubali. Kamalondo walikubali. Mjini walirudisha sahani.

Katika resto za kaunta za Marekani, chakula chenyewe kinachukua kama theluthi ya kila dola ya mauzo, ndivyo ilivyokuwa Chipotle katika miaka ile ya shida. Hapa, ukijumlisha makala, mafuta ya jenereta na vinavyoharibika, sehemu hiyo hupanda haraka sana. Asiyelijua gunia anasimamia biashara asiyoiona.

Gharama

Mgeni anataka mshahara kwa dola, nyumba, pengine gari. Soko nalo humlipa kwa imani: siku Starbucks ilipotangaza Agosti 2024 kwamba imemchukua Niccol, hisa yake ilipanda karibu 24% kabla hajaonja hata kikombe kimoja akiwa mkurugenzi. Lakini aliyeondolewa kumpisha, Laxman Narasimhan, alikuwa mgeni vile vile, na alidumu miezi kama 17. Alijifunza hata kutengeneza kahawa nyuma ya kaunta kabla ya kukalia kiti. Haikumwokoa. Kwa hiyo mtu akikuambia "leta mgeni kama Niccol", mkumbushe kwamba kampuni ile ile ilileta wageni wawili ndani ya miaka miwili.

Mwenye mali anaonekana wa bure. Gharama yake inakuja baadaye: Schultz alirudi 2008, kisha akaitwa tena 2022. Biashara inayojua kwamba baba atarudi haimlei mtoto.

Mtu wa ndani ni rahisi kuliko wote, na huo ndio mtego. Patroni wengi humpandisha cheo wakamwachia mshahara ule ule, na baada ya mwaka anaondoka kufungua resto yake mita mia mbili kutoka kwako, na wateja wako wanamfuata kwa sababu mkono waliokuwa wanaulipia ulikuwa wake.

Na wawili kwa pamoja?

Chipotle yenyewe ilikuwa na wakurugenzi wakuu wawili hadi mwisho wa 2016, Ells na Monty Moran, ikaamua kubaki na mmoja. Hapa nimeona wenye hisa wawili, kila mmoja na ufunguo wake wa depo. Mpishi alimsikiliza aliyepita mwisho.

Mimi ningechaguaje

Kama watu waliugua kwa chakula chako, au umewadhulumu wauzaji wa soko hadi hawakukopeshi tena, chukua mgeni. Jina lako limechafuka, na mtu wa ndani amechafuka nalo. Mgeni anaweza kusema "hiyo ilikuwa kabla yangu" na watu wakamwamini. Mpe muda mfupi na kazi mbili tu: ndugu watoke kwenye kese, madeni yapangwe. Asiguse tawi lolote kabla hajaliona katika msimu wake mzuri na mbaya.

Kama ulifungua matawi haraka kuliko mkono wako ulivyoweza kufika, rudi mwenyewe, ila jipime kwanza. Chukua karatasi, kabla ya kuona hesabu, andika tawi utakalolifunga. Ukishindwa kuandika jina moja usiku huo, si wewe.

Kama viti ni vitupu na hakuna aliyeugua wala anayekudai ukamkwepa, shida iko kwenye sahani, na hii ndiyo hali ya resto nyingi ninazozijua hapa. Chukua mtu wa jikoni. Lakini mpe vitu vyake kabla hajaanza: ufunguo wa depo, ruhusa ya kununua bila kukupigia simu hadi kiasi mtakachokubaliana, na sehemu ya faida iliyoandikwa kwenye karatasi. Ndugu wa kese umtoe wewe mwenyewe, wiki moja kabla. Usimwachie kazi hiyo, itamvunja.

Mama yule hakupewa vyote hivyo. Alipata ufunguo baada ya miezi miwili ya kuomba, na sehemu ya faida hakuipata hadi siku aliyosema anaondoka. Patroni alisaini jioni hiyo hiyo, kwenye mgongo wa fakture (ankara) ya unga, kwa kuwa hakukuwa na karatasi nyingine. Sasa resto ni mbili, Kamalondo na mjini. Gunia linatoa tikiti 118 hadi 121. Nilimwuliza juzi zile nne hadi saba zinazobaki zinakwenda wapi, akacheka, akasema hizo wanakula wao wenyewe jikoni, na kwamba ameziandika.